Sura ya Saba: Unene wa Uzi na Nguvu ya Mkondo

Uamuzi mkubwa wa mvuvi wa mshipi katika pwani ya Kilwa hufanyika nchi kavu, kabla ya chombo kusukumwa majini, nao ni uamuzi wa unene wa uzi. Katika sura hii mshipi ni zana nzima, yaani uzi, ndoana na chubwi, ambalo ni kipande cha risasi au chuma kinachozamisha chambo, ilhali uzi ni ile sehemu inayounganisha mkono wa mvuvi na vitu hivyo vingine. Wanaoshauri kuhusu uvuvi wa uzi mwembamba hueleza kwamba uzi wa aina hiyo unafaa kwa kuwa samaki hauoni, na maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi kiasi kwamba huonekana kama jambo lisilohitaji kuchunguzwa. Kwa hakika ni nusu tu ya ukweli, tena nusu iliyo ndogo. Katika maji yanayokwenda kwa kasi kama ya mkoa wa Lindi, faida ya kwanza ya uzi mwembamba ni kwamba unakata mkondo, na mvuvi anayeliweka jambo hilo mbele huchagua tofauti na yule anayefikiria macho ya samaki peke yake.

Maji yenyewe hayafanani. Nangurukuru iko ndani kidogo kutoka baharini, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara inatoa tawi la Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, na kutoka njia panda hiyo mvuvi anaweza kufikia bahari za tabia mbili. Upande wa Kivinje, Mto Matandu unamwaga maji yake katika eneo la mikoko na tope, ambako kina ni kifupi, maji huchafuka upesi baada ya mvua, na samaki hutegemea zaidi kunusa na kuhisi mtikisiko kuliko kuona. Upande wa nje, kuanzia visiwa vya Songosongo hadi kuzunguka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kuna matumbawe, mchanga mweupe na maji ambayo katika vipindi vya utulivu wa kaskazi huwa maangavu kiasi cha mtu kuona chini akiwa chomboni. Juu ya tofauti hizo kuna maji kujaa na kupwa: katika siku za bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, na maji yanayopita katika milango iliyo kati ya visiwa huwa na nguvu ya mto uliofurika, ilhali katika siku za maji mafu mkondo hulegea na kazi ya mshipi huwa nyepesi.

Nguvu ambayo mkondo unausukuma uzi hutegemea mambo matatu, ambayo ni urefu wa uzi uliomo majini, unene wake, na kasi ya maji. Unene ukipungua kwa nusu, msukumo nao hupungua kwa takriban nusu. Lakini kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne, na ndiyo sababu mshipi uliofanya kazi vizuri asubuhi maji yakiwa yamesimama huweza kushindwa kabisa saa mbili baadaye mahali palepale. Chukua uzi wenye unene wa milimita 0.8 uliotelemshwa mita 30, sawa na pima kumi na sita hivi, kutoka chombo kilichotia nanga. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde utausukuma uzi huo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kati ya gramu 300 na 400, na mkondo ukifika mita moja kwa sekunde, msukumo utazidi uzito wa kilo moja. Chubwi lisipokuwa zito vya kutosha, uzi hupinda kama tumbo la tanga, chambo huinuka kutoka chini, na mvuvi hubaki ameshika uzi uliolala kwa mshazari akidhani bado yuko juu ya jabali lake. Uzi wa milimita 0.4 katika hali hiyohiyo hupokea nusu ya msukumo huo, hivyo huhitaji chubwi jepesi zaidi, na chubwi jepesi humwezesha mvuvi kuhisi donoo dogo ambalo chubwi zito lingelimeza.

Bei ya faida hiyo hulipwa katika nguvu. Uwezo wa uzi kuhimili mzigo hutegemea eneo la mkato wake, na eneo hilo hupungua upesi kuliko unene: uzi wa nailoni wa milimita 0.8 hubeba takriban kilo 40 kabla ya kukatika, ilhali ule wa milimita 0.4 hubeba takriban kilo 10 tu. Kwa maneno mengine, anayepunguza unene kwa nusu hupata nusu ya msukumo lakini hubaki na robo ya nguvu. Hesabu hii ndiyo kiini cha mjadala wote wa uzi, na haiwezi kukwepwa kwa kununua uzi wa bei kubwa, ingawa, kama itakavyoonekana, aina ya malighafi inaweza kuilegeza kidogo. Inafaa pia kukumbuka kwamba hesabu ya mkondo inahusu zaidi chombo kilichotia nanga. Ngalawa iliyoachwa ielee huchukuliwa na maji yaleyale yanayouchukua uzi, na tofauti ya kasi kati ya chombo na uzi huwa ndogo. Hapo mvuvi anaweza kutumia uzi mnene bila kuadhibiwa sana, mradi upepo wa kusi usikisukume chombo kinyume cha mkondo.

Suala la kuonekana linabaki kuwa la pili, ingawa halipuuzwi. Kitu kilichomo majini huonekana kwa sababu kinaupinda mwanga kwa kiasi tofauti na maji yanayokizunguka. Wataalamu hupima tabia hiyo kwa namba iitwayo kipeo cha mpindo, ambayo kwa maji ni takriban 1.33, kwa nailoni ni takriban 1.53, na kwa florokaboni, malighafi itakayoelezwa baadaye, ni takriban 1.42. Kadiri namba ya uzi inavyoikaribia ile ya maji, ndivyo uzi unavyofichika. Hata hivyo hakuna uzi usioonekana kabisa, na samaki wa matumbawe anayekataa chambo mara nyingi huwa amekatazwa na jinsi chambo kinavyokwenda: kipande cha ngisi kilichofungwa kwenye uzi mnene na mkavu hushikiliwa na ukakamavu wa uzi, kikazunguka au kusimama mahali ambapo vipande vingine vya chakula vinapeperuka kwa ulaini. Uzi mwembamba hukiachia chambo kiende na maji. Kwa samaki anayekula kwa tahadhari, mwendo huo una uzito kuliko rangi.

Nyuzi za zamani hazikumpa mvuvi nafasi ya kuchagua hivi. Kabla ya katikati ya karne ya 20, mishipi ya bahari ilitengenezwa kwa nyuzi za mimea, hasa pamba iliyosokotwa, ambazo zilinyonya maji, zikavimba, na zikaoza zisipokaushwa, na magome ya mikoko yalitumika kuzitia rangi na kuzikinga dhidi ya kuoza. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika maabara za kampuni ya DuPont nchini Marekani, ikatangazwa hadharani mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaenea katika uvuvi duniani kote. Kilichobadilika si nguvu peke yake. Kwa mara ya kwanza mvuvi alipata uzi wa jiwe moja, yaani uzi usiosokotwa kutoka nyuzi ndogo bali uliovutwa kama waya kutoka malighafi iliyoyeyushwa, wenye uso laini unaoteleza majini na usioshika mchanga.

Tabia za nailoni zinahitaji kueleweka na kila anayeitumia, kwa kuwa baadhi yake hujificha. Nailoni hunyonya maji, na uzi uliokaa majini kwa saa kadhaa hulainika na kupoteza sehemu ya nguvu uliyokuwa nayo ukiwa mkavu. Hurefuka pia: ukivutwa hadi karibu na kukatika, unaweza kuongezeka kwa robo ya urefu wake. Urefukaji huo ni rafiki na adui kwa wakati mmoja, kwani humwokoa mvuvi pale kolekole anapokurupuka ghafla karibu na chombo, lakini katika kina cha pima ishirini hunyonya donoo dogo la samaki kabla halijafika kidoleni, na huhitaji mvuto mrefu wa mkono ili ndoana iingie. Adui wa tatu ni jua. Miale yake huivunja nailoni polepole, ikaufanya uzi uwe mkavu na mwepesi wa kukatika hata kama haujawahi kuguswa na samaki. Bidhaa yoyote itokayo Dar es Salaam kwa gari kwenda Masoko haina budi kupita Nangurukuru, na mnunuzi wa uzi, awe hapo njia panda au kwenye duka la karibu na diko, ana haki ya kukataa buruji lililoning'inizwa kwa miezi barazani palipo na jua na kuomba lile lililo ndani ya boksi, hata kama bei ni ileile na muuzaji amenuna.

Lebo za maburuji nazo zinahitaji jicho. Baadhi huonyesha unene kwa milimita au kwa sehemu ya mia ya milimita, ambapo 60 ni sawa na milimita 0.60. Nyingine hufuata mfumo wa Kijapani, ambao namba 1 ni uzi wa milimita 0.165 na namba 4 ni uzi wa milimita 0.33, si 0.66, kwa sababu namba za mfumo huo hupanda kwa kufuata eneo la mkato na si unene. Mtu asiyeujua utaratibu huo anaweza kununua uzi wenye nguvu tofauti kabisa na aliokusudia. Kilo zilizoandikwa kwenye lebo zisichukuliwe kama ahadi, kwani hupimwa kwenye uzi usio na fundo, na fundo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Fundo la nailoni lililokazwa likiwa kavu hujiunguza kwa msuguano wake lenyewe. Kulilowesha kwa mate kabla ya kulikaza ni jambo dogo ambalo huokoa samaki wengi kuliko kubadilisha aina ya uzi.

Malighafi mbili zilizokuja baada ya nailoni zimeanza kuonekana mikononi mwa wavuvi wa burudani wanaofika Kilwa Masoko na Songosongo. Ya kwanza ni florokaboni, ambayo uzi wake ulitokana na kazi ya kampuni ya Kureha ya Japani katika miaka ya 1970. Uzi huo hauonekani kirahisi kama nailoni, haunyonyi maji, huhimili mikwaruzo, na huzama upesi, kwa kuwa uzito wake ni takriban mara 1.78 ya maji yasiyo na chumvi, ilhali wa nailoni ni takriban mara 1.14. Kasoro zake ni ukakamavu na bei. Ya pili ni uzi wa kusukwa, unaotengenezwa kwa kusuka nyuzi nyembamba za polithini yenye nguvu kubwa mno. Uzi huu ndio unaoilegeza ile hesabu ya unene na nguvu, kwani hubeba mzigo sawa na nailoni yenye unene wa maradufu au zaidi, na kwa kuwa haurefuki ila kidogo sana, hupeleka kidoleni kila mguso wa chambo na jiwe. Lakini huelea, kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji, huonekana waziwazi, ukivutwa kwa nguvu ukiwa umegusa ncha ya tumbawe hukatika papo hapo, na ukishikwa kwa mkono mtupu huku samaki akivuta, huingia katika nyama ya vidole kama wembe.

Kasoro hiyo ya mwisho inaeleza kwa nini mvuvi wa ngalawa anaendelea na nailoni nene hata pale anapoujua uzi wa kusukwa, na si haki kuuita uchaguzi wake ushamba. Katika mshipi wa mkono, kiganja ndicho kinachoshika, kinachoachia na kinachopima nguvu ya samaki, na kiganja kinahitaji uzi unaoshikika. Nailoni ya milimita 0.8 au 1.0 haikuchaguliwa kwa ajili ya uzito wa changu, ambaye aghalabu hafikii hata kilo tatu, bali kwa ajili ya vidole vya mvuvi, kwa ajili ya matumbawe, na kwa ajili ya chewa mkubwa asiyetarajiwa.

Mwenye fimbo na rili yuko huru zaidi. Rili inayozungumziwa hapa ni ile ambayo kigingi chake, yaani sehemu uzi unapokunjiwa, hakizunguki wakati wa kurusha, bali uzi hutoka kwa kuteleza juu ya ukingo wake. Alfred Holden Illingworth, mwenye viwanda vya sufu nchini Uingereza, alipata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1905, na inasemekana wazo alilipata katika vigingi vya nyuzi vya mashine za kiwandani. Mtoto wa pwani anayezungushia mshipi wake kwenye chupa ya plastiki, akaielekeza mdomo baharini na kurusha chubwi, anatumia kanuni hiyohiyo bila hataza yoyote. Kanuni hiyo ina sharti lake: kwa kuwa uzi hutoka kwa mizunguko, uzi mnene na mkakamavu hukumbuka umbo la kigingi, hugonga ukingo, hufupisha mrusho na hatimaye hujikunja kuwa fundo kubwa lisilofumulika. Rili ndogo hudai uzi laini. Kwa nailoni hiyo maana yake ni milimita 0.30 au pungufu. Kwa uzi wa kusukwa, milimita 0.15 hadi 0.20 hutosha kwa kazi nyingi za ndani ya matumbawe.

Mtindo wa kuvua kwa zana hizo nyepesi, wenye chambo kidogo, uzi mwembamba na mwendo wa polepole, ulikuzwa Marekani kwa ajili ya samaki aitwaye besi, anayeishi katika maziwa na mabwawa ya maji baridi. Samaki huyo yuko Afrika Mashariki, kwani alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, lakini katika bahari ya Kilwa hayupo, na mashauri yaliyoandikwa kwa ajili yake hayahamishiki bila marekebisho. Besi wa ziwani hapambani na maji ya bamvua, wala haishi katikati ya mawe yenye makali.

Marekebisho yenyewe huanzia kwenye uzi wa mwisho, ambao ni kipande kifupi cha uzi wa aina nyingine kinachofungwa kati ya uzi mkuu na ndoana. Kwa mwenye rili, uzi mkuu wa kusukwa hukata mkondo na kupeleka habari, na mita mbili au tatu za florokaboni ya milimita 0.30 hadi 0.40 hubeba kazi ya kujificha na kuhimili mikwaruzo, ilimradi fundo linalounganisha nyuzi hizo lizungushwe mara nyingi, kwa kuwa uzi wa kusukwa huteleza ndani ya mafundo yanayotosha kwa nailoni. Kwa mwenye mshipi wa mkono utaratibu huohuo unawezekana kwa gharama ndogo: uzi mkuu ubaki mnene kwa ajili ya kiganja, na pima moja ya nailoni nyembamba ifungwe chini yake. Mpangilio huu wa pili hauondoi msukumo wa mkondo, kwa hiyo faida yake huonekana zaidi katika siku za maji mafu.

Samaki huja mwisho katika hesabu, na huamua kipande hicho cha mwisho tu. Tasi, mwenye mdomo mdogo na anayekula mwani kwa kudonadona, huhitaji ndoana ndogo na uzi wa milimita 0.25 au pungufu, na anayemvua akumbuke kwamba miiba ya mapezi yake ina sumu. Changu hutafuta kaa na kombe karibu na mchanga na ana meno yenye nguvu, hivyo milimita 0.40 ni mapatano ya busara. Chewa hana haja ya uzi mwembamba hata kidogo. Yeye hushambulia kisha hukimbilia pangoni, na sekunde tatu za kwanza ndizo zinazoamua kama atapatikana au atabaki na ndoana, kwa hiyo anayemkusudia aache mambo ya wepesi. Nguru ana meno yanayokata uzi wowote uliotajwa hapa, na ndiyo sababu wanaomrambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, huweka kipande cha waya mbele ya ndoana wakijua kwamba katika maji maangavu waya huo unawafukuza baadhi ya samaki.

Kina kirefu kina sheria zake. Wavuvi wa Visiwa vya Komoro wameshusha mishipi ya mkono usiku katika vina vya mamia ya mita, na ndivyo silakanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa ametoweka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alivyonaswa huko mwaka 1952. Upande wa Tanzania silakanti wa kwanza kuripotiwa alipatikana mwaka 2003 karibu na Songo Mnara, naye hakuvuliwa kwa mshipi bali aliingia katika jarife, wavu wenye matundu makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa. Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja, lakini urefu wa uzi hauwezi kuachwa nje: kila mita inayoongezwa chini huupa mkondo mahali pengine pa kusukuma, na mlango wenye maji ya haraka humnyima mvuvi wa mkono kina ambacho mwenzake wa bahari tulivu hukipata kwa chubwi la kawaida.

Uzi unaokatika hubaki. Nailoni haiozi kama pamba ilivyokuwa ikioza, na kipande kilichonasa kwenye tumbawe huendelea kulisugua na kulikata kila maji yanapojaa na kupwa. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilikataza nyavu zilizotengenezwa kwa uzi wa nailoni wa jiwe moja, lakini mshipi wa ndoana haumo katika katazo hilo, na hivyo jukumu limebaki kwa mvuvi. Mahali palipovunjwa kwa baruti, balaa lililoiandama pwani ya Kilwa kwa miongo mingi, tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa vifusi vya matumbawe yaliyokufa hunasa chubwi kwa urahisi kuliko jabali zima. Chubwi likifungwa kwa kipande chake cha uzi dhaifu, kinachokatika kabla ya uzi wa mwisho, na uzi wa mwisho ukawa dhaifu kuliko uzi mkuu, kinachopotea kwanza ni risasi peke yake, na katika hali mbaya zaidi ni pima moja ya uzi na ndoana. Anayefunga kila kitu kwa uzi mmoja mnene akinasa hulazimika kukata pale mkono unapofika, na kuacha pima kumi na tano chini.